Kikopo Nilichompa Wifi

Dada mmoja wa Kihonda amenitumia ujumbe baada ya kusoma simulizi yangu ya wiki jana. Ameandika maneno matatu tu: "Wewe ni mchawi." Nimeusoma na sikuufuta. Maliza kwanza ya leo, dada yangu, halafu uniambie kama neno hilo linatosha.

Kwa aliyekosa ya nyuma: naitwa Felista, nina saluni Mafiga. Nilipogonga miaka thelathini na sita uso wangu uliota chunusi kama wa msichana wa kidato cha pili, na papo hapo mikunjo ikaanza kuchora chini ya macho. Daktari wa ngozi akaniandikia krimu. Masharti aliyahesabu kwa vidole: kiasi cha punje ya kunde, usiku tu, usimpe mtu, na mwanamke mwenye mimba au anayeitafuta asiiguse kabisa.

Krimu ikaniwasha, uso ukabanduka. Nikaichanganya na dawa kali aliyoandikiwa mume wangu Stephano, fundi ujenzi ambaye viganja vyake vimeliwa na saruji. Uso ukatulia, ukang'aa. Wateja wakauliza siri. Nikawaambia ni parachichi na asali.

Wifi yangu Winfrida, mdogo wake Stephano, naye akauliza. Anaishi Matombo nyumbani kwa mama mkwe, na mume wake Severini, aliyehamia huko kulima mashamba ya mkewe kama desturi yetu inavyotaka. Alikuwa ameharibikiwa mimba tatu, na uso wake ulikuwa umejaa chunusi mpaka anasali misa ya asubuhi na mapema asionekane na watu. Nikamjazia mchanganyiko wangu katika kikopo kisicho na jina. Karatasi ya masharti iliyokuja ndani ya boksi la krimu niliichoma jikoni kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu Pasaka nimemtumia kikopo kila mwezi.

Wiki jana niliishia pale simu ilipoita, mama mkwe akasema: "Winfrida ana mimba ya miezi sita."

Stephano alininyanyua juu pale pale sebuleni.

"Tumepona, Mama Innocent! Ukoo wetu umepona!"

Asiye Mluguru huenda asielewe furaha ile. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Innocent wangu ni wa ukoo wangu mimi, si wa baba yake. Kwa mama mkwe waliozaliwa ni wawili, Stephano na Winfrida, na binti ni huyo mmoja. Winfrida asipozaa, jina linaishia kwake, na mashamba ya migomba ya kule juu yanakosa wa kuyarithi.

Nilicheka pamoja na mume wangu. Kisha nikaingia chooni na simu, nikafungulia bomba ili asinisikie.

"Wifi, hongera."

"Nilikuficha, wifi, usinichukie," Winfrida alisema. "Zile tatu nilizitangaza mapema. Safari hii nikasema nifunge mdomo mpaka tumbo liseme lenyewe."

"Na ile krimu?"

Akacheka. "Naipaka, tena siku hizi sio uso tu. Shingo, mapaja, tumbo lote, nisije nikapata michirizi. Cha mwezi jana kimebaki robo. Nitumie kingine."

Nikalifungua bomba zaidi.

"Iache, wifi."

"Kwa nini?"

Neno lilikuwa ulimini. Dawa. Lilikuwa neno moja tu, na ningelisema pale hadithi hii ingekuwa fupi.

"Lile parachichi lilikuwa bovu," nikasema. "Limechacha."

"Mbona halinuki?"

"Iache tu. Nitakutengenezea jingine."

"Nikikaa siku mbili bila kupaka, uso unawaka moto, wifi. Wewe huwezi kuelewa."

Nilielewa sana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejaribu kuacha mara tatu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa daktari wa ngozi. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimeangalia viatu vyake. Alivua miwani, akaiweka juu ya meza, hakuivaa tena mpaka natoka.

"Dawa ulipewa kwa uso wako, Felista. Hukupewa ya kugawa."

"Najua, daktari."

"Hii ya chunusi, inayopenya kwenye ngozi ni kidogo. Huenda haikumfikia mtoto. Tunaikataza kwa sababu tumbo la mtu hatulichezei bahati nasibu. Lakini hii nyingine ndiyo inayoninyima raha. Hii ni ya viganja vya fundi, kidogo, siku chache. Umesema anapaka wapi?"

"Mwili mzima."

"Miezi mingapi?"

"Sita."

Alijikuna shingo. "Inaweza kumdumaza mtoto. Inaweza kumpandishia mama sukari. Na ngozi yake mwenyewe inabaki nyepesi kama karatasi ya sigara."

"Mtoto atakufa?"

"Sijasema hivyo, kwa sababu sijui. Na wanaomhudumia kule hawawezi kujua kama hakuna aliyewaambia. Umemwambia aache?"

"Ndiyo."

"Umemwambia kwa nini?"

Nikarudi kuangalia viatu vyake.

"Basi sikiliza. Mwili ukishaizoea dawa hii, kuiacha ghafla nako kuna hatari yake. Anatakiwa aachishwe na watu wanaojua wanachofanya." Akaandika majina ya zile dawa mbili kwenye kipande cha karatasi, akagonga muhuri. "Mpe muuguzi wake, mkononi. Nenda leo."

Nilitoka na karatasi ile nimeibana kwenye sidiria.

Sikwenda siku ile. Jumanne sikwenda, wala Jumatano. Ijumaa nilikuwa na bibi harusi wa kumpamba na mashangazi zake sita, na Jumamosi mama mkwe alikuwa ameshatuita sote Matombo kwa kikao, nasi tukadhani ni cha kuifurahia mimba. Nikajiambia, siku tano ni nini kwa mtu aliyekwishapaka miezi sita?

Ndivyo nilivyojiambia.

Jumamosi Stephano aliazima pikapu ya bosi wake. Barabara ya Matombo mnaijua wenyewe, gari linapiga magoti kila kona. Tulipovuka mto wa pili nikasema:

"Stephano, nina jambo."

"Kama ni la zawadi, nimeshanunua. Vitenge viwili na blanketi ya mtoto. Nimechukua ya njano, maana hatujui ni wa kiume au wa kike."

"Sio zawadi."

"Basi litasubiri. Leo usinipe jambo lolote, mke wangu. Niache nifurahi."

Nikamwacha afurahi.

Uwanjani kwa mama mkwe hapakuwa na ngoma wala chungu cha pombe. Watu wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye mikeka kama watu wa matanga. Stephano alishuka na blanketi yake ya njano, akasimama nayo, hajui aiweke wapi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia mama mkwe, Paskalia kwa jina. "Pita ndani umwone mwenzako, kisha utoke tuzungumze."

Winfrida alikuwa kitandani, amejitanda kanga mpaka puani. Aliponiona akaifungua.

Mimi nauza uzuri, msomaji. Nimeona nyuso nyingi zilizoharibiwa na watu, lakini sijaona kama ule. Mashavu yalikuwa yamejaa kama yaliyopulizwa, mekundu, mishipa inahesabika. Vinyweleo vilikuwa vimeota kidevuni. Nilipomshika mkono, kucha yangu ilimgusa kidogo tu na ngozi ikachanika, damu ikatoka.

"Umeniletea kipya?" akanong'ona.

"Wifi, si nilikwambia uache?"

"Naacha. Kesho naacha."

Nikavuta pumzi nimwambie. Nje mjomba Raphael, mkubwa wa ukoo, akakohoa na kuita watu wote. Winfrida akaegemea bega langu, tukatoka.

Mjomba hakuzunguka. "Jumatatu muuguzi wa zahanati alilipima tumbo la Winfrida. Mimba ya miezi sita, tumbo la miezi minne. Mtoto analiwa humo ndani. Mtu akilishwa akaharibika, anayeulizwa ni anayemlisha."

Macho yote yakageuka upande mmoja.

Aliyegeukiwa alikuwa Lucy, dada yake Severini. Alikuwa ameacha shamba lake Kibungo akaja kukaa hapo miezi miwili, anachota maji, anapika, anafua, ili Winfrida asiiname. Alikuwa amekaa pembeni na mwiko bado mkononi.

"Mjomba," alisema, "uji ninaompikia na mimi naunywa. Chungu ni kimoja."

"Na uso wake?" mama Paskalia akainuka. "Binti yangu alikuwa na uso! Mtazameni! Huo uso umefanywa na nani? Tangu uingie wewe hapa ndipo alipoanza kuvimba!"

"Alianza kabla sijaja, mama. Niulizeni na mimi, jamani. Mimi pia nilikuwa naogopa nikimwona anavimba."

"Unataka mtoto asizaliwe, ndugu yako aondoke na mikono yake, akajenge kwenu!"

Hapo mama mkwe akanigeukia. Nilitamani ardhi ifunguke.

"Mwangalieni huyu Felista. Yuko mbali, ana kazi zake, lakini kila mwezi anamtumia mwenzake mafuta ya kujitunza. Mpaka kikopo kinafika hapa. Huyo ndiye wifi!"

Wanawake wakaitikia. Mmoja akanipapasa mgongoni.

Na mimi nikanyamaza. Karatasi ya daktari ilikuwa kifuani, jasho limeilowesha, nikanyamaza. Dada wa Kihonda, umeona sasa? Kumpa wifi kile kikopo ulikuwa upumbavu. Kumwangalia Lucy akisimama na mwiko wake mbele ya watu thelathini, huku nikijua, sijui jambo hilo tuliiteje.

"Achukue vitu vyake," mjomba alisema. "Jua lisimzamie hapa."

Severini, mume wa Winfrida, akasimama. "Akitoka dada yangu, natoka na mimi."

"Njia unaijua," mjomba akamjibu.

"Hapana!" Winfrida alipiga kelele. Akajisukuma kutoka begani kwangu, akapiga hatua mbili kuelekea kwa mume wake, akainua mkono kama anayetafuta ukuta. Kisha akaanguka kifudifudi juu ya mkeka.

Aliyemfikia wa kwanza ni Lucy.

Tulimpakia kwenye pikapu. Mama Paskalia alijaribu kumsukuma Lucy asipande, lakini Lucy alikuwa ameshakipakata kichwa cha Winfrida na hakuna aliyethubutu kukiondoa pale. Blanketi ya njano ndiyo tuliyomlazia.

Tulipofika zahanati, muuguzi, mama mfupi mwenye sauti ya kazi, alimchoma kidole Winfrida, akatazama kipimo, akamchoma kingine.

"Sukari iko juu mno. Hakuwa na sukari huyu, kadi yake ninayo mimi. Amekula nini? Amemeza nini? Amepaka nini? Semeni upesi."

Chumba kilikuwa kidogo na tulijaa sote.

Stephano akamkamata Lucy mkono wa juu, pale penye nyama. "Sema! Sema ulimpa nini dada yangu!"

Lucy hakulia wala hakujitoa. Alituangalia mmoja mmoja kama anayetafuta hata jicho moja la kumwamini, na jicho lake lilipofika kwangu nikashindwa kulikwepa.

"Mwachie," nikasema. "Ni mimi."

Sauti ilitoka ndogo. Stephano hakusikia, au alisikia akakataa. Nikaingiza mkono kifuani, nikatoa karatasi. Ilikuwa imelowa, wino umesambaa, lakini muhuri ulisomeka.

"Ni mimi, Stephano. Mwachie huyo mama."

Muuguzi aliikunjua karatasi, akaisoma, akainua macho. "Hii ya pili alipaka wapi?"

"Kote. Mpaka tumboni. Tangu Pasaka."

"Yale mafuta ya parachichi?" mama Paskalia aliuliza. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Hayakuwa parachichi, mama. Ni dawa za hospitali. Moja yangu, moja ya Stephano."

Stephano alimwachia Lucy. Akaziangalia alama za kucha zake zilizobaki kwenye mkono wa yule mama, kisha akaniangalia mimi.

"Ulijua lini kuwa ni mbaya kwa mimba?"

"Nilijua tangu mwanzo kuwa haifai. Ubaya wake wote nimeambiwa na daktari Jumatatu."

"Leo ni Jumamosi, Felista."

Miaka kumi na moja ya ndoa, hajawahi kuniita Felista mbele ya mama yake.

Ndipo sauti ikatoka kitandani.

"Mwacheni wifi." Winfrida alikuwa amefungua macho. "Na mimi nilijua."

Muuguzi akamgeukia. "Mwezi Agosti nilikuuliza, Winfrida. Nikakwambia ngozi hii si ya parachichi, acha unachopaka. Ukaniambia umeacha."

"Sikuacha. Uso ulikuwa unawaka. Na Severini alikuwa ameanza kunitazama tena."

Severini akageukia ukutani.

Sasa nawaambieni lililo baya kuliko yote niliyoandika tangu nianze. Nilifurahi. Kwa pumzi moja tu, mbele ya mgonjwa, nilifurahi kwamba kosa limepata mtu wa pili wa kulibeba. Nilihisi mabega yangu yakishuka.

Winfrida hakuwa amemaliza.

"Nilimbishia muuguzi, wifi. Nikamwambia wewe umenitengenezea mwenyewe. Baadaye moyo ukaniambia ni dawa. Lakini nikasema, kama ingekuwa na ubaya kwa mtoto, wifi angejua. Na angejua, angeniambia. Hata uliponipigia simu ulisema ni parachichi limechacha." Akalamba midomo. "Nikasema basi, kama ni kuchacha tu, nimalizie."

Hakuna mtu aliyeniangalia baada ya hapo. Mama Paskalia alikaa chini, sakafuni, na kanga yake akaifunika usoni. Lucy, ambaye saa moja iliyopita alifukuzwa kama mbwa, aliinama akamshika bega. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikafungua mdomo, yeye akatikisa kichwa kidogo: sio sasa.

Muuguzi alikuwa kwenye simu, anaomba gari la wagonjwa litoke mjini. Alimweleza mtu wa upande wa pili sukari, presha, majina ya dawa zote mbili, akiyasoma kwenye karatasi yangu iliyolowa. "Ndiyo, tangu Pasaka. Ndiyo, mwili mzima. Tumejua sasa hivi tu." Akasikiliza. "Angalau saa mbili? Barabara ndivyo ilivyo, najua."

Akakata simu, akarudi kitandani.

"Winfrida, mtoto anacheza?"

Winfrida akamtazama Lucy kabla ya kujibu, kama wenye siri moja. Lucy akainamisha uso.

"Tangu Jumatano sijamsikia," Winfrida alisema. "Nikamwambia Lucy asiseme. Nilidhani amelala."

Muuguzi alichukua kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakipangusa kwenye aproni, akafunua tumbo. Lilikuwa dogo. Lilikuwa jekundu, limepasuka michirizi kote, ile ile michirizi aliyokuwa anaikimbia. Akaweka kipembe chini ya kitovu, akainamisha sikio.

Nje mtu aliita. Stephano akafunga dirisha.

Muuguzi akakihamishia kipembe kushoto. Akasubiri. Akakihamishia kulia, akabonyeza zaidi, mpaka Winfrida akakunja uso. Akafumba macho.

"Mtu asipumue," akasema.

Tukaacha kupumua, wote tuliokuwa mle ndani, na yeye akaendelea kusikiliza.